Mama Faridi na Namba Ngeni

Pale Mkunya, ukiulizia kwa Mama Faridi hata mtoto mdogo atakufikisha, na kabla hujapiga hodi utamsikia mwenyewe ndani anaongea na simu. Usije ukadhani ana ndugu wengi wa kumjulia hali. Wanaompigia ni matapeli, na yule mwanamke wa kwenye mashine ya kampuni ya simu, anayekuambia bonyeza moja upate wimbo, bonyeza mbili upate kifurushi. Yule mwanamke hana adabu hata kidogo. Anaanza kuongea bila hodi wala salamu, na Mama Faridi alikuwa akimuuliza kila mara kama kwao hawaamkiani. Halafu anamsikiliza mpaka mwisho.

Watu walimcheka. Mimi jirani yake pia nilicheka, sikatai. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mwenye mikorosho yake na shamba lake la mihogo, anashinda kutwa na simu ya vitufe imefungwa kwenye pindo la kanga, ikilia tu ameshaifungua, hata awe na udongo mpaka kwenye viwiko. Tulimwambia namba usiyoijua usipokee. Mwenyekiti wa kitongoji alilisema mkutanoni, redio inalisema kila asubuhi, na Mwalimu Kulwa, binti wa Kisukuma anayefundisha shule ya msingi na aliyepanga chumba cha uani kwa Mama Faridi, alimsihi mara nyingi kwa upole. Mama Faridi anaitikia ndiyo, ndiyo, kisha simu ikilia anapokea.

Sasa nyie mnaocheka chekeni, lakini kwanza nisikilizeni. Namba anazozijua Mama Faridi ni nne: ya Mwalimu Kulwa, ya karani wa chama cha msingi, ya dada yake aliyeko Makote, na ya dereva mmoja wa bodaboda. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye yeye alikuwa akimsubiri. Aliyekuwa akimsubiri hana namba. Angepiga siku yoyote, kwa simu ya kuazima, kutoka huko aliko, na namba yake ingekuwa ngeni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asipokee namba ngeni, umemwambia afunge mlango kwa ndani na mwanawe yuko nje.

Mwanawe ni Faridi, na hana mwingine. Baba yake alifariki mtoto hajaingia jandoni bado, mama akamlea peke yake kwa korosho na mihogo. Jandoni akaingia, akakaa huko porini na wenzake, akatoka na hilo jina la Faridi. Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu huku juu, upande wa Newala, mvulana akitoka jandoni, jina lake la utotoni linabaki kule kule. Toka siku hiyo haitwi tena kwa jina lile, si na mama, si na mjomba, si na rafiki aliyewinda naye panya, na anayemwita hivyo amemtukana, tena tusi la kumvua nguo mbele za watu. Hata mama yake, aliyekuwa Mama Fulani kwa lile jina, toka siku ile akawa Mama Faridi. Jina lenyewe mimi nalijua, nilikuwepo akipewa, lakini silitaji hapa. Huyo ni mtu mzima.

Mama yake alilitaja.

Ni miaka saba sasa. Ilikuwa msimu wa korosho, kwenye ghala la chama, siku ya kupima. Faridi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, ana mchumba, na baba wa mchumba alikuwa kwenye foleni ile ile, watu watatu nyuma yao. Mama alikuwa amezichambua korosho wiki nzima, nzuri mbali, mbovu mbali, na ambazo hazijakauka bado ziko juani. Kijana akafunga magunia kwa haraka, akazichanganya zote. Mkaguzi alipochoma gunia la kwanza kwa chuma chake cha kupimia akatoa korosho mbichi, akachoma la pili, akasema magunia yote matano yarudi nyumbani yakaanikwe upya. Mama Faridi alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na jua lilikuwa linawaka. Akamgeukia mwanawe mbele ya foleni nzima akamwita kwa lile jina, tena kwa sauti ya juu, akaongeza kwamba jando alilopelekwa lilikuwa kazi bure.

Tukainamisha vichwa sote. Karani aliacha kuandika. Faridi aliweka chini kamba ya gunia aliyokuwa ameishika, akamtazama mama yake mara moja, akaondoka. Jioni ile watu walimwona Masasi, na baada ya mwezi tukasikia amevuka Ruvuma, yuko Msumbiji. Uchumba ukafa wenyewe. Salamu hazikuja, wala mtu wa kusema nimemwona.

Alichobaki nacho mama ni laini ya simu. Faridi ndiye aliyemnunulia, akamwandikia namba kwa mkaa nyuma ya mlango asije akaisahau, na kusema yeye hahitaji kuiandika popote, ameshaishika kichwani. Basi laini ile Mama Faridi hakuibadili. Ilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole alikwenda Newala akapanga foleni siku nzima. Kila mwezi anatia vocha, hata ya mia tano, isije ikafungwa kwa kutotumika. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka amsikie mwanawe, amwambie nisamehe, basi. Maneno hayo alikuwa ameyapanga na kuyapangua miaka saba.

Na upweke, jamani, msiuone mchezo. Mwaka wa kwanza alikuwa bado anasonga ugali wa watu wawili, nusu wanakula kuku. Siku nyingine sauti ya kwanza kuisikia inayomsemesha yeye ni ya yule mwanamke wa mashine. Mwalimu Kulwa ni mtu mwema, lakini akirudi shule ana madaftari yake ya kusahihisha na simu yake ya kuongea na kwao Shinyanga. Mama Faridi anasikia kicheko kupitia dirisha, naye amekaa kibarazani anachambua kunde.

Ndiyo maana matapeli aliwapokea kama wageni. Ulipoingia ule ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii, alikuwa anapiga kuuliza hela ipi, na wewe ni mtoto wa nani. Wengi wanakata. Mmoja hakukata. Alijitambulisha kuwa ni wa bahati nasibu, akaamkia vizuri, akamweleza kwamba ameshinda zawadi nono, akamuuliza na hali ya nyumbani, na watoto ni wangapi. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Mama Faridi habari za watoto kwa miaka. Akamweleza yote, Faridi, Msumbiji, miaka saba, akaeleza mpaka chaji ikaisha. Hela ya kufungulia zawadi hakumtumia, maana hakuwa nayo. Lakini alikuwa amempa kikubwa kuliko hela.

Siku ya tisa simu ikalia. "Mama, ni mimi, Faridi."

Na furaha ikija hivyo haichagui maneno. Jina lililomtoka halikuwa Faridi, lilikuwa lile la zamani, alilokuwa akimbembelezea mtoto mgongoni. Alipolisikia limeshatoka, akaziba mdomo kwa kiganja. Ile sauti ikajibu bila kusita kwamba ndiyo mama, ndiye mimi mwenyewe, naumwa, nitumie kidogo kwenye namba hii.

Mama Faridi akakaa chini pale pale. Faridi wake aliacha nyumba na mchumba kwa sababu ya jina lile. Asingeitika ndiyo. Faridi wa kweli angekasirika. Akajua anaongea na mwizi, akalia kilio ambacho Mwalimu Kulwa alikisikia uani akadhani kuna msiba.

Kulwa alipoelezwa akampa ushauri wa maana kabisa. Alimwambia siku nyingine mtu akijifanya mwanao, mtege, mtajie jambo ambalo mwanao tu ndiye analijua. Mama Faridi akafuta machozi, akasema mtego anao tayari. Kulwa hakuuliza ni upi. Hata angeuliza asingeelewa, maana kwao mtu anakwenda na jina la utotoni mpaka uzeeni, na ukimwita kwalo anaitika huku anacheka.

Wezi nao wanapeana habari. Baada ya yule, akina Faridi waliongezeka. Kulikuwa na Faridi aliyelazwa Lindi, Faridi aliyeshikiliwa Tunduru na polisi, na Faridi mmoja mwenye sauti ya kitoto aliyedai yuko Ulaya na mizigo yake imezuiwa bandarini. Wote waliitwa kwa lile jina, na wote waliitika ndiyo mama. Hapo Mama Faridi anaangua kicheko, anamuuliza mwizi wangu wewe, leo umekula nini, na mama yako anajua kazi unayofanya? Wanakata kwa aibu, au wanamtukana ndipo wakate.

Mwenyewe aliniambia, na aliniambia akiwa ameinama, kwamba alianza kuwafurahia. Alikuwa amepata watu wa kutania. Kumbe jina ambalo kwa miaka saba hakuthubutu kulitamka hata akiwa peke yake shambani, sasa lilikuwa limemzoea mdomoni. Alilitamka kama anavyofukuza kuku. Hakuna aliyeliona hilo, hata mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, mchana wa saa nane. Yuko chini ya mikorosho yake anaokota, anatenga korosho na bibo, lile tunda lake, ndoo moja imeshajaa. Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Namba ngeni. Sauti ikasema shikamoo mama, yeye akaitikia marahaba. Ilikuwa sauti nzito, ya mwanaume aliyekomaa.

"Mama, ni mimi. Niko Masasi, stendi."

Mwezi ule peke yake alikuwa ameshapokea sita wa namna hiyo. Hata bibo lililokuwa mkononi hakuliweka chini. Akalitaja lile jina, akalivuta kwa dharau, akicheka, kisha akauliza, "Na leo umelazwa hospitali gani?"

Ukawa kimya. Hakuna ndiyo mama. Hakuna naumwa, hakuna tuma kwenye namba hii. Nyuma ya kile kimya alimsikia mpiga debe akiita watu wa Newala, na injini ya gari inanguruma. Kisha ile sauti ikaja tena, chini zaidi.

"Bado tu, mama?"

Simu ikakatika.

Alipiga. Mikono ilikuwa na maji ya bibo, vitufe vikawa vinateleza, akajifuta kwenye kanga akapiga tena. Ikaita mpaka ikaisha. Mara ya tatu ikaita mpaka ikaisha. Akaacha ndoo, akaacha na kandambili, akakimbia mpaka shuleni. Mwalimu Kulwa alikuwa mbele ya darasa la nne, chaki mkononi, akamwona Mama Faridi dirishani anahema, miguu mitupu, akatoka.

Kulwa akamwandikia ujumbe palepale kwenye kibaraza cha ofisi, akimsomea kila neno: Faridi mwanangu, ni mimi mama yako, nisamehe, njoo nyumbani. Akautuma. Kisha akamuuliza, kwa nia njema tu, amejuaje safari hii kwamba si tapeli.

"Amekasirika," Mama Faridi akasema. "Mwalimu, amekasirika."

Walipopiga tena baada ya nusu saa, akapokea mwanamke. Alisema anaitwa Isabela, anauza chai na chapati stendi ya Masasi, na simu ni yake, alikuwa anahudumia wateja hakuisikia. Ndiyo, kuna kijana alimwomba apige mara moja. Mwembamba, ana begi, na juu ya begi amefunga doti ya kanga mpya, bado iko kwenye nailoni. Namba aliitoa kichwani, hakuwa na karatasi. Kabla ya hapo alikuwa amekaa kwenye benchi lake la chai tangu asubuhi, upande wa magari ya Newala, magari matatu yakaondoka anayaangalia, hapandi.

Mama Faridi akauliza yuko wapi sasa. Isabela akasema alivuka barabara, akapanda gari la Mangaka. Mangaka ndiyo njia ya mtoni, njia ya Msumbiji.

"Aliponirudishia simu nilimuuliza, umempata mama?" Isabela akasema. "Akaniambia hapana, amekosea namba."

Kesho yake Mama Faridi alishuka Masasi na gari la kwanza. Nilimwambia hatamkuta, na yeye alijua hatamkuta. Alikaa kwenye benchi lile lile la Isabela, akiangalia kila gari linaloingia kutoka Mangaka, anaangalia miguu inayoshuka kwanza, kisha nyuso. Isabela alimpa chai mara tatu na hakutaka kulipwa. Mchana walikuwa wameshazoeana, wakaitana dada. Alasiri Mama Faridi akamwachia neno moja, kwamba kijana yule akipita tena, mwaka wowote, aambiwe mama yake alikuja akakaa hapa. Akapanda gari la Newala akarudi.

Korosho alizoziacha zilikuwa pale pale chini ya mkorosho, ndoo imejaa siafu. Mwalimu Kulwa akamsaidia kuziosha. Sijui kama ni mimi niliyemweleza Kulwa maana ya lile jina au ni mwalimu mwenzake, lakini siku aliyoelezwa alikuja kibarazani akapiga magoti, akaomba radhi kwa ushauri wake. Mama Faridi akamwinua. Alimwambia ushauri wake ulikuwa mzuri, mtego ndio aliouchagua vibaya mwenyewe.

Namba ngeni bado zinaingia. Msimu wa malipo ya korosho zinazidi, wezi nao wana kalenda yao. Mama Faridi bado anapokea zote, na siku hizi hakuna anayemcheka, hata mimi nikimsikia naongeza mwendo nipite. Lile jina hajalitamka tena. Hamtegi mtu. Anayesema tu mama, ni mimi, hajamaliza hata, ameshamkatisha: "Faridi, baba, nisamehe. Nilikosa ghalani na nikakosa kwenye simu. Njoo nyumbani."

Mwalimu Kulwa alimwambia mama, hao ni wezi unaowaomba msamaha. Akajibu anajua. Alisema atawaomba wote, maana hawezi tena kumkosa yule mmoja. Basi wengine wanadandia hapo hapo, wanasema nimekusamehe mama, nitumie nauli. Nauli hatumi. Anawaambia nauli wataikuta mlangoni, dereva wa bodaboda ameshaambiwa. Na kweli ameshaambiwa, muulizeni.

Juzi nilikuwa nimekaa naye kibarazani tunamenya mihogo, ikaingia namba ngeni. Sauti ya kijana mdogo, naisikia mpaka nilipo, inasema mama, ni mimi mwanao, nimepata ajali. Mama Faridi akaweka kisu chini. Akasema yote, polepole, ya ghalani, na ya mikorosho, na ya benchi la Isabela, na doti ya kanga kwenye nailoni, akasema mwanangu sina neno lingine, nisamehe. Kijana hakumkatisha. Alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika hakuomba hela.

"Samahani, mama," akasema. "Nimekosea namba."

Mama Faridi akamwambia hakuna neno, mwanangu, akamuuliza kama amekula. Simu ilikuwa imeshakatika.